Mwanajeshi Aliyekula Sombe ya Mama

Mara ya kwanza nilimsikia Louisville, huku Marekani, kwenye harusi ya binamu yangu. Mhubiri mgeni, suti inang'aa, anatoa ushuhuda: alikuwa mwanajeshi kwetu Kivu, akahukumiwa kwa wizi wa kutumia bunduki, akapakiwa kwenye ndege hadi kambi ya wafungwa katikati ya msitu, akalimishwa mihogo miaka saba. Watu wakalia. Mimi niliacha kutafuna. Kovu lile la kidevuni nalijua.

Aliingia kwetu na bunduki mchana kweupe, akabeba cherehani ya mama, cherehani iliyotulisha watoto watano. Mahakama ya kijeshi ilikaa uwanjani chini ya turubai. Mama alimnyooshea kidole, yeye akaapa kwamba hajawahi kuiona. Walimfunga, lakini wake wa wanajeshi wenzake waliendelea kumwita mama mwongo mpaka tulipokimbia nchi. Tangu hapo mama anataka kitu kimoja tu, mtu huyo aseme kwa mdomo wake kwamba aliichukua.

Baadaye nikatumiwa video yake akiwa Buffalo. Huko eti alisingiziwa, na miaka saba imekuwa kumi. Makofi yakazidi. Sijui nilimdharau nani zaidi, yeye au wapiga makofi.

Kanisa letu hapa Columbus, mtaa wa Northland, nalo halikutaka kupitwa, likamwalika. Kwetu mhubiri mgeni hapelekwi hotelini. Anagawiwa familia ya kumlisha, na kukataa ni aibu. Wazee wakampangia mama. Nilimweleza mama huyo mgeni ni nani, nikamsihi akatae. Akaniambia nimpeleke maduka ya Morse Road akanunue majani ya mihogo ya kupika sombe.

Jumapili wazee walijaa sebuleni, tai zimewakaba shingo. Mgeni alikula kama mtu aliyetoka jela jana. Akaomba kuongezwa, akaongezwa, na huku anatafuna akaanza tena habari za kusingiziwa. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilitamani kuwamwagia mchuzi wote.

Mama akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Baba, unanikumbuka? Ni mimi nilisimama mbele ya majaji, chini ya turubai. Cherehani yangu uliipeleka wapi?"

Alimtazama mama. Akafuta vidole kimoja kimoja. Alikuwa amemkumbuka, hata mtoto angeona.

"Mama," akasema taratibu, "donc, ile kitu, Mungu alishanisamehe."

Mzee mmoja akaitikia amina. Huyo nilimdharau kuliko mwizi mwenyewe.

"Bon," mama akasema. "Kumbe uliichukua."

Mama akawageukia wazee, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipohakikisha wote wamesikia. Kisha akamrudia mgeni.

"Lakini cherehani haikukuwa ya Mungu. Ilikuwa yangu. Mimi sijakusamehe."

Akachukua sahani ya mgeni, bado imejaa, akaenda nayo jikoni.