Shahidi wa Mwenendo Mwema

Juzi, kwenye foleni ya ofisi ya komini, nilisimama nyuma ya bwana mmoja wa mtaa wetu mwenye suti ya bluu. Anagombea udeputé, kiti cha bungeni, na dosie yake ilipungukiwa karatasi moja tu, cheti cha mwenendo mwema. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi.

Karani alitaka shahidi mmoja. Bwana akatugeukia, akafungua mikono.

"Hapa bote bananijua!"

Alisema kweli. Bomba la maji la mtaa liko ndani ya uzio wake tangu uchaguzi uliopita. Mama mmoja akaanza kukagua dari. Mimi, mtu wa jukwaani, ninayepiga kelele hata kanisani, nikainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

"Aba banakujua, papa," karani akasema. "Shida iko pale."

Akamwita mama muuza samaki aliyefika mjini asubuhi hiyo kutoka Kasenga kufuata cheti cha mjukuu.

"Mama, unamujua huyu papa?"

"Hata kidogo."

"Unasikiaka mubaya yake?"

"Ningesikia wapi?"

"Basi, tia sinyatire hapa."

Akatia sahihi kwenye fomu. Bwana akatushukuru sote kwa mkono, mmoja mmoja.

Nyumbani nikamweleza mama watoto, kwa fahari, jinsi tulivyomnyima ushahidi. Akaniuliza kama ile fomu ina mahali pa kuandika walionyamaza.

Kesho yake nilirudi kuiangalia. Haina.