Rangi za Kisima cha Ukweni

Nilifanya kazi ya kuua mbu katika mji wa Morogoro kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na katika muda wote huo sidhani kama nilitamka maneno mia mbili. Sikuwa bubu. Maneno yalikuwepo, ila yalichelewa kufika. Yalipofika, wenzangu walikuwa wameshahamia habari nyingine, nami niliyameza. Kuandika nako ni hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la nne, na mstari mmoja hunichukua muda wa kuchemsha maharage.

Tulikuwa watatu: nyapara wetu, kijana mmoja mrefu kama mlingoti, na mimi. Mvua zilipokatika, maji yalibaki kwenye mashimo ya wafyatua matofali na kando ya reli, na humo mbu walitaga. Sisi tulimwaga mafuta juu yake ili viluwiluwi wakose hewa. Pipa dogo la mafuta tulilining'iniza kwenye mti, mimi nikashika mbele na yule mrefu nyuma, mti ukiwa umelala mabegani mwetu kwa mshazari kwa sababu ya kimo changu.

Kazi ile ilikuwa na ufundi wake. Ukimwaga mafuta mengi, utando unakuwa mnene, wa kahawia tu, na hiyo ni hasara. Yakienea vizuri, rangi zinatokea: zambarau, kijani, manjano, waridi, zote zinajikunja na kukimbizana. Rangi zikififia na kubaki weupe kama wa fedha, ujue utando umekuwa mwembamba mno, ongeza. Kusoma rangi zile nilikuweza kuliko mtu yeyote. Nyapara mwenyewe alikuwa ananiuliza, "Tayari?" nami nachungulia, natikisa kichwa au naitikia. Hilo ndilo jambo pekee duniani nililoliweza, na kama mtakavyoona, sikuliweza sana.

Siku moja pipa lilikuwa likirukaruka njiani mpaka mafuta yakatumwagikia miguuni. Nyapara akatusimamisha.

"Mnapiga hatua pamoja," alisema. "Mkipanda mnapanda wote, pipa nalo linapanda. Wewe wa nyuma, anza nusu hatua baadaye."

Tukafanya hivyo. Mmoja alipopanda mwenzake alishuka, na pipa likatulia kama limelala. Tulipofika shimoni na kumwaga mafuta, nyapara, ambaye alikuwa amesoma mbali kuliko sisi na kusikia mengi kwa Bwana Afya, akatuonyesha zile rangi.

"Hizi nazo ni kama pipa lenu. Utando wa mafuta una nyuso mbili, wa juu na wa chini. Mwanga ukifika, sehemu inarudishwa na uso wa juu. Sehemu nyingine inazama, inagonga uso wa chini, ndipo inarudi. Hiyo ya pili imetembea njia ndefu, imechelewa. Sasa zinakuja machoni mwako pamoja, kama nyinyi wawili na mti begani. Mwanga unakwenda kwa mawimbi, unapanda na kushuka. Zikipanda pamoja, rangi inaruka, unaiona. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, zinatulizana, rangi hiyo inakufa."

"Mbona basi rangi ni nyingi?" aliuliza yule mrefu, ambaye hakuwa na haya.

"Kwa sababu mwanga wa jua umebeba rangi zote, na kila rangi ina hatua yake. Nyekundu ina hatua ndefu kama wewe. Bluu ina hatua fupi kama huyu." Akanigusa utosini. "Pale utando una unene huu, mwenye hatua ndefu anatulizwa. Pale una unene ule, anatulizwa mfupi. Waliobaki ndio unaowaona. Kwa hiyo rangi si ya mafuta. Rangi ni ya wembamba. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Umeelewa nini?"

Nikaitikia tena. Nilichokuwa nimeelewa ni kwamba mimi ni mfupi.

Mwaka huo huo mjomba wangu aliniposea. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, na mjomba huyu alipenda kulitumia. Msichana alikuwa wa juu milimani, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Nilikuwa nimemwona mara mbili sokoni akiwa na kapu la kabichi, na mara zote mbili nilinunua kabichi ambazo sikuwa na mahali pa kuzipikia. Mama yake hakukataa wala kukubali. Alisema nije nilime siku tatu shambani kwake, wanitazame. Ardhi ilikuwa ya ukoo wake, na binti alikuwa wa ukoo wake, kwa hiyo kukubali au kukataa kulikuwa kwake.

Nililima. Naweza kusema bila kujisifu kwamba jembe halikunishinda. Kilichonishinda ni jioni, watu walipokaa uani. Mama aliniuliza habari za mjini, mjomba akajibu. Aliniuliza kama viazi vimeiva, mjomba akajibu. Siku ya pili alimgeukia mjomba.

"Huyu mpwa wako, ulimi anao?"

"Anao, dada. Anautunza."

"Anautunzia nini? Mimi simtoi binti yangu akaishi na ukuta. Kesho ni siku ya mwisho. Nikimsikia akisema neno moja la maana, tutazungumza. Nisipomsikia, mtakunywa uji mtaondoka salama."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitafuta neno moja la maana, na nadhani nililikosa kwa sababu nilikuwa nalitafuta kwa mpangilio, kama mtu anayetafuta sindano kwenye gunia la mchele punje kwa punje.

Asubuhi nikatumwa maji. Kisima kilikuwa chini ya ukingo wa udongo mwekundu, kikihudumia nyumba nne au tano. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linafika pale. Nikainama, na kwenye kona maji yalipotulia nikaona zambarau, kijani, manjano, waridi. Nikasogeza kichwa, rangi zikabadilika, kama zinavyobadilika kwenye mashimo yetu. Nilifurahi sana. Kati ya watu wote wa mlima ule, mimi peke yangu nilijua ni nini.

Nilirudi mbio na debe tupu. Mama alikuwa uani na jirani yake mmoja, mwanamke mwenye sauti nene, na wanawake wengine wawili waliokuja kuazima moto. Mjomba alikuwa anakunywa uji.

"Msinywe maji," nilisema. "Kisima kimemwagwa mafuta."

Wote wakanigeukia, na hapo ilinipasa kunyamaza. Lakini ulimi uliofungwa miaka ishirini, ukifunguka, hauna breki. Niliwaeleza habari za viluwiluwi. Niliwaeleza utando mnene na utando mwembamba. Mwishowe, nikitaka waone kwamba najua ninachosema, nikaongeza:

"Tena aliyemwaga ni fundi. Ameyatandaza vizuri sana. Hata mimi ningeyamwaga hivyo hivyo."

Mjomba aliweka bakuli la uji chini.

"Haya," alisema jirani. "Huku kwetu nani ana mafuta ya mbu?"

Wote walikuwa wananitazama.

"Na jana jioni nani alikaa kisimani mpaka giza likaingia?"

Ni mimi. Nilikaa pale nikitumaini binti atapita kuchota. Sikujua kwamba kwa siku zile tatu mama yake alikuwa amempeleka kwa mama yake mdogo, ng'ambo ya kilima, ili nisimwone.

"Hebu mnuseni," alisema jirani. Hawakuhitaji kusogea. Nguo zangu zilikuwa na mwaka mzima wa mafuta ndani yake.

Miaka ile watu wa milimani hawakuwa na imani na mtu anayelipwa na serikali. Walikuwa wanalazimishwa kukata matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili udongo usimomonyoke, na kila aliyepanda kutoka mjini na daftari au kopo walimwona kama mtu wa kuwahamisha. Wale wanawake walikuwa wameshaona uchafu juu ya maji tangu jana, wasijali. Sasa uchafu umepata jina, na jina limeletwa na mwenye mafuta. Mama akachukua mtungi wake, akamwaga maji yote chini. Kuanzia siku hiyo wangechota mtoni, kuteremka na kupanda saa nzima na mzigo kichwani.

"Mchukue kijana wako," alimwambia mjomba. "Akiwa na la kusema, aje alisemee kisimani Jumapili baada ya misa, mbele ya wanaochota. Asipokuja, posa yenu imeisha."

Njia nzima ya kuteremka mjomba alisema maneno machache tu. "Miaka yote umenyamaza. Ukachagua leo."

Nilimkuta nyapara anaziba pampu iliyokuwa inavuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililochukua muda.

"Ulichokoa?" aliuliza.

"Nini?"

"Ule utando. Kwa kijiti."

"Hapana."

"Ulisikia harufu ya mafuta?"

"Kwangu kila kitu kinanuka mafuta."

"Udongo wa pale ukoje?"

"Mwekundu. Chini ya ukingo kuna matope ya rangi ya chungwa."

Nyapara alikaa juu ya pipa, akacheka taratibu, kwa huruma, na hiyo iliniuma zaidi. "Hiyo ni kutu ya ardhini. Maji yenye chuma yakitulia, yanafanya ngozi juu. Ngozi hiyo ni nyembamba kama utando wetu, kwa hiyo mwanga unafanya mchezo ule ule. Nilikuambia rangi si ya mafuta."

"Uliniambia."

"Na ukaitikia."

"Niliitikia."

"Mafuta ukiyachokoa yanaungana tena. Ngozi ya kutu inavunjika vipande kama ganda la yai, na vipande haviungani. Wala haina madhara. Nenda kawaonyeshe." Akanijazia kichupa cha mafuta ili niwafananishie.

Sikufikiria, mpaka nilipofika kisimani na mjomba siku ya Jumapili na kuwaona wanawake kumi na zaidi wamenizunguka, itakuwaje mtu anayeshukiwa kumwaga mafuta akitokea na mafuta mfukoni.

"Ameleta mengine," alisema jirani.

Nikaomba beseni. Kwa haraka nilitia matone mengi kuliko nilivyokusudia, ikabidi nimwage na kuanza upya, mbali na kisima. Nikachokoa kwa kijiti. Mafuta yakaachana, yakaungana. Nikarudia, yakaungana. Kisha nikaenda kwenye kona ya kisima, nikachokoa. Ule utando ukapasuka vipande vipande, kila kipande na rangi zake, vikaelea bila kuungana.

"Nilikosea," nilisema. "Hakuna aliyemwaga kitu. Ni kutu ya udongo. Rangi si ya mafuta. Rangi ni ya wembamba."

"Wembamba ndio unatoa rangi?" aliuliza mama. "Basi wewe mbona huna?"

Walicheka, lakini alikuwa anasubiri jibu. Nikaona debe la maji na mti wa kuni. Nikamwomba mjomba ashike upande mmoja na jirani upande wa pili, debe likining'inia katikati. Wakatembea sawa, debe likaruka na kuwalowesha. Nikamwambia jirani achelewe nusu hatua. Debe likatulia. Nikaanza kusema mwanga nao unarudi mara mbili, wa juu na wa chini, na wa chini unachelewa, na hapo katikati ya sentensi, mbele ya umati ule, ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa. Nikanyamaza kwa mshangao. Walidhani nimemaliza.

"Mimi naivunja hiyo ngozi kila asubuhi," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa yule binti, na mtungi wake. "Tangu nilipokuwa mdogo. Naisukuma kwa kata kabla hamjaja. Zile siku tatu za kulima mlinipeleka kwa mama mdogo, hakuna aliyeivunja."

Mama alimgeukia polepole. "Lakini Alhamisi, kijana alipotangaza, ulikuwa umerudi kuchukua nguo. Ulikuwa jikoni, ulisikia yote."

"Nilisikia."

"Siku tatu naparamia mlima na mtungi kichwani, na wewe unajua?"

"Alikuwa anazungumza kwa mara ya kwanza, mama. Niliona vibaya kumkatiza."

Jirani alilazimika kuutua mti kwa kicheko. Mama hakucheka, ila alikaza midomo kama mtu anayezuia kitu. Alichukua kata, akasukuma vipande vya kutu pembeni, akateka, akanywa yote.

"Mlete ukoo wenu mwezi ujao," alimwambia mjomba. "Na huyu, akiona tena kitu chenye rangi, amwonyeshe mkewe kwanza, ndipo aje kututangazia."

Kisha akatia mtungi wake kisimani, na wengine wakajipanga nyuma yake.