Bushi ya Usukani na Mtungi wa Naitrojeni

Asubuhi yangu ya kwanza katika karakana ya vyombo vya majini, Tanga, nilimwamkia Mkuu wa Karakana shikamoo. Akaitika marahaba, akanipa glavu, akauliza, "Binti, hesabu za joto unazijua?"

"Nazijua, mzee."

"Haya. Chuma nacho kitakuuliza."

Baadaye nilipelekwa Moa kutunza mashine za barafu ya samaki, kisha nikarudi Tanga nikiwa Fundi Mwandamizi. Ndipo kikaletwa kivuko ambacho usukani wake ulikuwa umelegea. Bushi, yaani pete ya shaba inayoshika mhimili, ilikuwa imelika. Huko mtoni kilikohudumu, wagonjwa na wajawazito walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi.

Bushi mpya tuliichonga ikawa nene kidogo kuliko tundu lake, ili ikishakaa isichomoke. Kuiingiza kulitaka isinyae kwanza kwa baridi kali, ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa kioevu, ambayo huchemka kwenye nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Kituo cha mifugo, ambacho huhifadhi mbegu za madume kwa naitrojeni hiyo, kilituazima mtungi mmoja tu. Bushi isipopoa sawasawa ingekwama katikati, na shaba nyingine hatukuwa nayo.

Nilizidisha uzito wa bushi kwa joto linalobebwa na kila kilo, na kwa nyuzi za kushusha. Nikagawa kwa joto linalogeuza kilo moja ya naitrojeni kuwa mvuke. Naitrojeni ya mtungi mmoja haikutosha.

Mkuu akakuna ndevu. "Kwani joto lote lazima liondolewe na naitrojeni?"

"Barafu!" nikasema. "Ianze barafu, naitrojeni imalizie."

"Mbio basi. Ila isilowe."

Tukaifunga kwa nailoni, tukaizika kwenye barafu, kisha tukaizamisha mtungini ikiwa kavu. Mwanzoni ilipoa polepole, maana utando wa mvuke huizingira shaba na kuzuia joto lisitoke. Mwenzangu Mbaruku akataka kuitoa.

"Bado," nikamwambia.

Mara utando ukapasuka, kioevu kikaigusa shaba, kikafoka kama uji jikoni. Kisha kikatulia, ishara kwamba bushi imepoa kabisa.

"Sasa!"

Tukaichomoa bushi, ikateleza tunduni mpaka mwisho. Mkuu akanishika mkono, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Leo nimestaafu, niko Nguvumali, hapahapa Tanga. Vijana, kompyuta zenu hufanya hesabu hizo upesi, nami nafurahi. Mkuu tulishamzika. Msibani mjane wake alinivuta kando. "Siku ya bushi yenu," alininong'oneza, "alikula sahani mbili, akasimulia mpaka nikamwomba alale."

Tukacheka, sisi wawili, machozi yakitutoka, na waombolezaji wakatugeukia.