Maji ya Kaya Yalipofungwa

Mto Kaya ukijaa ulikuwa unanuka chuma. Si samaki, si tope, ni chuma kabisa, kama jembe lililosahauliwa uani likanyeshewa. Harufu hiyo ilinifikia kabla sijafumbua macho, ikipenya chini ya mlango, nami nikajua kwamba huko milimani, upande wa Kongo, mvua imeshuka, na kwamba Haboba ataanza kutupigia kelele tusisogelee ukingo. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na huyu wangu alikuwa mjane wa askari, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Nyumba zetu zilikuwa chache, zimejipanga kando ya maji, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Koboko mjini. Waislamu na Wakristo tulikuwa tumechanganyika, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili chetu cha jeshini na sokoni, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. Washike tu! Tulipendana na kutukanana kwa Kiswahili hicho hicho, na hakuna aliyekosa kuelewa.

Ua wetu na ua wa Mama Poni zilitenganishwa na mstari wa mihogo, basi. Mama Poni alikuwa Mkakwa, Mkristo, mwembamba, mwenye mdomo mwepesi, na mumewe Lado alikuwa mtega samaki. Lado alisuka migono yake mwenyewe, ile mitego ya fito inayofanana na kikapu kirefu, akaizamisha kwenye mikondo aliyoijua yeye. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo samaki wa Lado aliingia kila nyumba bila kuuliza dini. Krismasi ikikaribia, Lado alileta kuku wake kwetu wachinjwe na mjomba, ili nasi tuweze kula kwake. Idi ikifika, Mama Poni alikuwa jikoni kwetu tangu alfajiri, anakaanga na kulalamika kwamba Haboba ni mchoyo wa vitunguu. “Mama, kitunguu hapana dhahabu,” alikuwa akisema, na Haboba anamjibu, “Yako iko wapi? Leta ya kwako, tuone.” Kisha wanacheka hadi mafuta yanaungua. Mimi nilikulia katika kicheko hicho, na kwa muda mrefu nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo.

Lakini mto ulikuwa na sheria zake, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni hii: mto ukimchukua mtu, maji hufungwa. Tawi bichi huwekwa kukingama njia ya kuchotea, na kuanzia hapo hakuna anayechota, hakuna anayeoga, hakuna anayefua, mpaka maiti apatikane. “Maji iliyolala na mutu hapana ya kunywa,” Haboba alitufundisha, na alilisema hilo kwa uzito uleule aliotufundishia sala. Wenye mitungi iliyojaa waliwagawia wenye mitungi mitupu, na siku chache zikipita mto humrudisha mtu wake. Mke au mama wa marehemu ndiye anayefungua. Anachota maji ya kwanza, anakunywa mbele ya watu wote, kisha anaondoa tawi. Mwingine yeyote hana ruhusa, awe sheikh, awe katekista. Nilikuwa nimeshaona maji yakifungwa na kufunguliwa, na sikuona ajabu yoyote. Aliyezaliwa ndani ya desturi haioni, kama vile usivyouona ulimi wako mwenyewe.

Msimu ninaousimulia, mvua ilitufanyia dhihaka. Milimani ilinyesha hadi Kaya ikavimba na kupanda kingo, lakini kwetu ilileta ngurumo tu na vumbi. Chemchemi ya kilimani ilikuwa imekauka tangu kiangazi, na pampu ya pale shuleni ilikuwa imekatika mkono. Asubuhi moja Lado alitoka kwenda kuikagua migono yake. Hakurudi. Jioni wanaume waliona shati lake limetundikwa kwenye kijiti ukingoni, kama alivyozoea kulitundika, na maji yanapita chini yake, mekundu, yana haraka. Likawekwa tawi. Ila minong'ono ilianza palepale, kwa sababu Lado na mkewe walikuwa wamegombana jana yake, na kila mtu alikuwa amemsikia Lado akifoka kwamba siku moja atakwenda zake Kongo kutafuta dhahabu. Wengine walisema amezama, wengine walisema amevuka. Kusema kweli, sisi watoto tulipenda habari ya dhahabu. Ilikuwa na raha zaidi.

Mto haukumrudisha. Mitungi ikapungua, ikafika mahali kata inakwaruza chini. Ulikuwa ukatili wa aina yake, maji yanavuma mbele yako mchana kutwa, na mdomo wako umekauka kama ngozi ya ngoma. Watoto wa majirani walilia hadi wakachoka kulia. Mdogo wangu Rajabu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea, aliharisha. Macho yakadidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mama yangu alimdondoshea maji mdomoni kwa kidole, maji ambayo Mama Poni mwenyewe alituletea kutoka mtungi wake wa mwisho. Nakumbuka alivyosimama mlangoni akimtazama yule mtoto, kata mkononi. Wazee walikaa, wakakohoa, wakasema desturi ni desturi. Nani angethubutu kufungua? Mwenye msiba alikuwa mmoja, na msiba wenyewe ulikuwa haujulikani kama ni msiba.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshatoka na watu wamekaa vibarazani hawana nguvu ya kwenda shamba, Mama Poni alipita katikati ya nyumba na mtungi kichwani. Hakuwa amenyoa nywele, hakuwa amejifunga kitambaa cha huzuni. Alifika kwenye tawi, akalishika, akalitupa majini. Watu tukapiga kelele, “Ai!” Akageuka, akatukabili. “Bwana yangu hapana iko ndani ya maji,” alisema. “Iko Kongo. Alienda kwa dhahabu yake. Sasa nyinyi munafunga maji ya nini?” Mwanamke mmoja akauliza, “Na viatu yake?” Lilikuwa swali zito, kwa maana Lado alikuwa na jozi ya buti za jeshi alizonunua kwa askari aliyestaafu, na hakuna safari aliyowahi kwenda bila buti hizo. Mtoni alikwenda peku. “Alienda nayo,” Mama Poni akajibu. “Kuja kwa nyumba, mutafute.” Kisha akainama, akachota kwa kata, akanywa. Alikunywa yote. Nilikuwa karibu, nikaliona koo lake likipanda na kushuka, polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu, na macho yake yalikuwa yametazama mkondo wa juu, kule maji yanakotoka. Haboba alikuwa wa kwanza kumfuata. Alijaza mtungi wake, akapita mbele ya wazee bila kuwasalimu, na jioni hiyo Rajabu alikunywa uji wa chumvi na sukari hadi akalala.

Tuliokoka, na shukrani yetu ilikuwa ya ajabu. Tulimcheka. Mwanamke aliyekimbiwa ni chakula cha kila kinywa, na watu wa mto mzima walimtafuna Mama Poni. “Bwana ametuma salamu kutoka Kongo?” walimuuliza njiani, na yeye hujibu, “Ametuma, anasema mupunguze mudomo.” Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaka yake Lado alikuja kuwachukua mbuzi wa ndugu yake, akasimama uani na kumwambia maneno ambayo mpaka leo yananiamsha: “Kama ndugu yangu iko hai, wewe ndiye ulimufukuza. Kama alikufa, wewe nakunywa bwana yako.” Mama Poni alikaa chini, akaendelea kupepeta mtama. Haboba ndiye aliyetoka na mwiko, akamfukuza yule bwana hadi njiani kwa matusi ya kambini ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mbuzi wakabaki. Lakini Mama Poni hakucheka tena jikoni kwetu, na kila asubuhi alitangulia kwenda mtoni kabla ya mwanamke mwingine yeyote, akachota wa kwanza, akanywa wa kwanza. Nilimpenda na nilianza kumwogopa. Nikimkuta njiani anarudi na mtungi, sikuweza kumtazama mdomo.

Kiangazi kiliporudi, Kaya ikanywea hadi mawe yakaonekana. Wachimba mchanga walikuwa wakisogea taratibu na makoleo yao, na chini ya mizizi ya mkuyu, ile ambayo maji hufika kiunoni hata wakati wa ukame, wakamwona Lado. Ilikuwa imebaki mifupa, na kamba ya mgono imejisokota kwenye ule wa mkono. Mkuyu huo ulikuwa juu ya mahali petu pa kuchotea. Juu, si chini. Kwa msimu mzima maji yalipita kwake kwanza, ndipo yakatufikia sisi. Habari hiyo ilipotufikia kazi zote zilisimama. Watu walikaa popote walipokuwa. Mama yangu alimbeba Rajabu, ambaye sasa alikuwa mnene anatambaa kila mahali, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalia. Jirani mmoja alikwenda nyuma ya nyumba kutapika, na nani amlaumu.

Siku ya kumzika, kaburi likiwa limeshachimbwa, Mama Poni aliingia nyumbani mwake na kutoka na buti. Zile zile. Zilikuwa na mtama kwenye kamba na vumbi la ghala, kwa maana alikuwa amezifukia ndani ya nafaka. Akapangusa moja, akapangusa ya pili, akazishusha kaburini kando ya mumewe. Hapo ndipo sote tulipoelewa, hata sisi watoto. Asubuhi ile alipolitupa tawi, buti zilikuwa nyumbani. Alijua tangu mwanzo kwamba Lado hakwenda popote. Haboba alimshika bega. “Ulijua,” alisema. “Binti yangu, wewe ulijua.” Na Mama Poni akajibu kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi: “Rajabu alikuwa nakufa, mama. Watoto ya watu walikuwa na kiu.” Ndipo akalia. Aliachia kilio cha msimu mzima, kilio alichokinyima njia ili sisi tupate kunywa, na wale waliomcheka walikaa naye chini wakiwa wameinamisha vichwa. Kaka yake Lado alijifunika uso kwa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Siri ya mtungi, wanasema, muulize kata. Mimi nimekaa miaka mingi nikimuuliza kata huyo. Je, alilala vipi? Kila asubuhi alipotangulia, nadhani sasa, alikwenda kumwamkia mumewe kabla kelele zetu hazijafika, na akanywa wa kwanza ili, kama kulikuwa na laana yoyote, imkute yeye. Hakuna aliyemkejeli tena kwa habari za Kongo, na mitungi yetu ilipelekwa kwake kila alipougua, hadi alipokufa akiwa mzee, kitandani mwake, amezungukwa na wanawake wa dini mbili. Mtoni kwenyewe siku hizi vijana wanaosha pikipiki zao, na nyumba zina visima vya pampu. Tawi la kufunga maji ukiwaeleza, wanakutazama kwa huruma.

Mimi ninaishi Arua, upande wa Ediofe, na nina bomba uani. Jirani yangu ana ukuta mrefu wenye vioo juu. Namjua kwa honi ya gari lake. Mwaka jana nilijua kwamba wamefiwa kwa kuona turubai, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshafua nguo, nimeshaosha vyombo, maji yanatiririka tu, kama kawaida, mita chache kutoka kwa msiba wa watu. Nilifunga bomba nikasimama pale. Hakuna aliyeniambia nifunge, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuniambia nifungue. Niliona aibu ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa hiyo nilichemsha chai, nikaibeba kwenye chupa, nikagonga geti lao kwa mara ya kwanza. Walinishukuru kwa heshima, wakaniuliza mimi ni nani.

Rajabu amekuwa mtu mzima, anauza vipuri Koboko, ana tumbo na watoto watatu. Akija kunitembelea hufungua lile bomba, anainamisha kichwa na kunywa kwa viganja, maji yanamwagika hadi kwenye viatu. Mimi hupiga kelele kama Haboba, naye hucheka, “Dada, maji iko mingi!” Mama yetu alikufa bila kumwambia, na majirani wa zamani, ambao wanapenda maneno kuliko chakula, wote wamelimeza hili moja. Nimejaribu mara nyingi kuanza. Nifungue mdomo nimwambie nini ndugu yangu? Kwamba uhai wake ulipita kwanza kwenye mifupa ya mtu, na kwamba mke wa mtu huyo alilijua hilo, akamtazama yeye, mtoto wa jirani, akatangulia kunywa.