Losaline na Mlango wa Kaka Yake

Jumapili hiyo Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, yote ilikuwa kanisani, isipokuwa Losaline. Yeye alibaki sebuleni na kompyuta. Kimbunga kilikuwa kimegeuka. Jana kilikuwa kinajiendea zake baharini; leo kinaelekea Haʻapai, kwenye visiwa vile bapa kama sahani, na mama yake yuko huko.

Kazi yake katika idara ya hali ya hewa ilikuwa moja tu. Mitambo inayotuma tahadhari kwenye simu za visiwani haiko Tonga. Iko kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi ng'ambo, na wakati wa utulivu huzimwa. Kuiwasha ni kuandika mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la kompyuta, lile la kupokea amri. Ameuandika mara mia. Leo alipoutuma, dirisha lilijibu kwa maandishi mekundu: amri hii haitambuliki.

Akaandika tena, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mekundu.

Akampigia Penisimani, mwenzake wa zamani wa kazi aliyehamia Auckland, New Zealand.

"Peni, linanikana! Amri ileile ya siku zote, eti haliijui!"

"Tulia, dada. Hujakosea herufi?"

"Mimi? Niliyekufundisha wewe kuandika?"

"Haya, mwalimu. Basi amri ni nzima, ila kifurushi chake cha programu hakionekani. Dirisha lenyewe halijui kitu, linajifunza amri kutoka kwenye kifurushi. Hebu liulize linakitafuta wapi."

Akauliza. Zikatoka njia tatu. Mbili za ndani ya kompyuta, zote tupu. Ya tatu ilikuwa ya flashi.

Hapo akakumbuka. Mwaka jana, waya wa chini ya bahari ulipokatika, kifurushi kililetwa kwa ndege ndani ya flashi. Kompyuta ilikuwa imejaa, akaiambia ikisome humohumo. Flashi ikakaa ubavuni miezi kumi na minne mpaka akasahau kwamba ipo. Akapapasa. Tundu tupu.

"Viliami," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yangu. Jana aliomba flashi ya kurekodia kwaya, nikamwambia achukue yoyote."

"Mungu wangu. Pakua upya!"

"Napakua. Intaneti inatambaa, asilimia moja tangu tuanze kuongea. Na simu yake kazima, yuko na kwaya kanisani Kolovai, mbali na hapa."

"Flashi kaenda nayo?"

"Hapana. Jana jioni, walipomaliza mazoezi ya kwaya, nilimwona akiingia nayo chumbani kwake."

Peni alielewa. Naye ni Mtonga. Viliami analala kwenye kibanda cha nyuma ya jiko, na tangu Losaline awe msichana mkubwa hajawahi kukanyaga kizingiti chake. Kwa mila yao, dada haingii chumbani kwa kaka. Hata kuuliza kwa nini hakuna anayeuliza.

"Shangazi yenu yupo, akuchukulie?" Peni aliuliza.

"Wote kanisani."

"Basi mimi sijasikia kitu, dada. Simu yangu mbovu."

Nje bati la jirani lilikuwa limeanza kupiga makofi. Losaline alisimama mbele ya kibanda, akaona aibu kana kwamba mtaa mzima umejipanga nyuma yake. Akamfikiria mama yake na sketi yake ya Jumapili, maji yakimfika kiunoni. Akafumba macho, akasukuma mlango.

Humo mlinukia mafuta ya nazi na viatu. Hakutazama kitanda. Flashi ilikuwa juu ya kitabu cha nyimbo. Akaikwapua akakimbia kama mwizi.

Akaichomeka. Nyimbo, nyimbo, nyimbo. Na kama Viliami amefuta vingine kupata nafasi? Akashuka mpaka chini kabisa. Kifurushi kilikuwepo. Akafunga dirisha jeusi, akalifungua upya, akaandika mstari wake. Safari hii hakuna wekundu. Mitambo ikaamka mmoja mmoja, tahadhari zikaondoka.

Baada ya dakika kumi na moja mama akapiga. "We Losaline! Simu zimelia kanisa zima, mchungaji kakatisha mahubiri! Tunapanda ghorofa ya shule. Umekula?"

Losaline akaangua kilio.

Viliami alirudi ameloa chapachapa. Kibanda kilikuwa wazi. Katika kukimbia, dada yake hakukumbuka kufunga. Alisimama kizingitini. Losaline, jikoni, aliinamisha kichwa.

"Naona upepo umenifungulia mlango," Viliami alisema, bila kugeuka.

"Ndiyo," Losaline alijibu. "Upepo mkali leo."

Viliami akaingia, akajifungia. Losaline aliosha sahani ileile mara tatu.