Jina Kwenye Mkono wa Mume Wangu

Mume wangu ni mchimbaji. Hana kampuni wala kofia ngumu. Ana nyundo, tochi ya kichwani na wenzake sita wanaoshuka naye shimoni. Mvua za mwaka juzi zilipoanza, wenzake hao walikubaliana kwamba kila mmoja achorwe tatuu mkononi: jina lake, jina la baba yake na mtaa anaokaa. Udongo ukiwaangukia, atakayefukuliwa ajulikane, arudishwe kwa watu wake. Walilipanga jambo hilo kwa kicheko, kama watu wanaochagua kitambaa cha sare ya harusi.

Kazi yangu mimi ni kuchora tatuu, kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya kusuka nywele hapa Likasi. Wenzake walitawanyika kwa wachoraji mbalimbali. Yeye alikataa kwenda popote.

"Minye iko na bibi anajua kuchora," alisema. "Nitaenda kwa mwingine juu ya nini? Batanicheka."

Nikamwambia angoje. Sikumwambia kwa nini. Maua yangu ni mazuri, na misalaba na vipepeo vyangu vinasifiwa mpaka Lubumbashi. Lakini herufi zilikuwa zinanitia shaka. Mara mbili tatu nilikuwa nimekutana sokoni na mkono niliouandika zamani, nikageuza uso upesi, kama mtu aliyemwona anayemdai. Sikutaka kuona. Sasa ilinibidi nione, kwa sababu kwenye mkono huu herufi ndiyo kazi yenyewe.

Wachoraji wa huku tuna kundi letu la WhatsApp. Nikatuma picha ya jina nililolichora asubuhi hiyohiyo, nikaandika chini yake: niambieni makosa. Yakaja madole gumba, ikaja mioto. "Propre, Mama!" "Mukono ya nguvu!" Nilikuwa nimeshachoka na hayo. Tulikuwa tunasifiana ili nasi tusifiwe, na katika sifa zote hizo hakuna hata moja iliyonifundisha kushika sindano.

Mmoja tu aliandika tofauti: "Tatouage ya leo yote iko muzuri. Tuma ya miaka mbili."

Nilikasirika mpaka nikazima simu. Namfahamu, ni wa hapahapa Likasi, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mchana anapaka maandishi kwenye kuta za maduka, jioni anachora watu nyumbani kwake. Nilikuwa nikimwona mtu wa maringo. Lakini hasira zilipopoa nikabaki na maneno yake, na yalikuwa kweli tupu. Tatuu ikiwa mbichi kila herufi inasimama wima. Ngozi inasema baadaye, ukishasahau.

Siku ya tatu nikaenda kwake na simu yangu yenye picha za zamani. Hakutaka hata kuishika, akaniita Yaya, kama huku tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, photo haina ngozi. Uniletee muntu."

Mtu niliyemkumbuka haraka ni mama mmoja anayeleta sokoni samaki waliokaushwa kwa moshi kutoka ziwa la Tshangalele. Miaka miwili kabla nilikuwa nimemwandikia majina ya watoto wake watatu ndani ya mkono, juu kidogo ya kiganja. Jumamosi nikanunua kwake samaki zaidi ya mahitaji yangu, nikambembeleza. Akamwachia jirani beseni lake, akanifuata akilalamikia jua njia nzima.

Yule mchoraji akamshika mkono, akamsogeza mlangoni penye mwanga. Akaanza kusoma jina la kwanza, akakwama katikati. Akarukia la pili, akakwama tena. La tatu hakulijaribu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya maandishi, polepole, na mimi nilijua anachokipapasa: ngozi ilikuwa imevimba kovu.

"Unatumbukiza sindano mbali sana, Yaya. Wino inatembea chini ya ngozi. Na ma-lettre unazibana, hakuna nafasi kati yazo. Zikinenepa kidogo tu, zinashikana."

Nikaanza kujitetea. Nikasema ni jua, ni moshi wa samaki, ni ngozi yake ilivyo. Mama wa watu akanionea huruma.

"Umuache," akamwambia. "Minye najua majina ya batoto yangu. Hata ikuwe doa, najua njo bao."

"Na siku haiko weye njo unasoma, iko muntu mwingine?"

Mchoraji aliuliza kwa upole, na wala hakuwa na habari za mume wangu. Mimi nikakaa chini kwenye kiti ambacho sikukaribishwa. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Yule mama alipokwisha kwenda nikamweleza mchoraji mambo yote.

"Akuye kwangu, nitamufanyia," alisema.

Nikapeleka ujumbe nyumbani. Mume wangu akajibu vilevile kwamba ana mke. Ukimjua mwanaume huyo utaelewa kwamba mazungumzo yaliishia hapo.

Basi nikajifunza upya, kwenye miguu yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda, nikapandisha kitenge, nikawa naandika kwenye muundi herufi zilizopinduka, umeme ukikatika katikati ya neno na kuniacha na sindano hewani. Yule mchoraji alikuja kila baada ya wiki chache na kalamu nyekundu, akizungushia mahali nilipokandamiza. Hakunisifu hata siku moja. "Hapa ulikuwa na hasira," alikuwa akisema, na mara nyingi alipatia. Miundi yangu siku hizi ni daftari la mtoto wa shule. Kwaya nzima ya parokia ninayoimba haijui, kwa sababu kitenge changu kinagusa viatu.

Lakini kujifunza hakukunichosha kama kungoja. Ngozi haiharakishwi. Inapona, inatulia, wino unashuka, na huna la kufanya ila kuhesabu miezi. Na miezi hiyo yote mume wangu alikuwa anashuka shimoni na mkono mtupu. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Siku moja shimo la jirani zao liliporomoka. Akarudi nyumbani amechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi badala ya kumkumbatia nikamgombeza kwa kuingia na buti ndani. Nikamchemshia maji ya kuoga.

"Bado tu?" aliniuliza akiwa anaoga.

"Bado."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja muguu yangu ipone."

Tukacheka, maana tungefanya nini kingine?

Maandishi ya muundi wa kushoto yalipotimiza miezi sita, mchoraji alipitisha kidole gumba juu ya maandishi ya mwisho. Hakikukwama popote. Alisoma yote, akasema, "Sasa unaweza," akaomba maji ya kunywa.

Nilimchora mume wangu Jumapili baada ya misa. Herufi pana, zisizo na madoido, kila moja na nafasi yake. Alitaka msalaba mwishoni. Nikakataa, halafu nikauweka, mbali na maandishi. Alisinzia kwenye kiti nikiwa bado naandika jina la baba yake. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa, na nilifurahi, nilifurahi kweli, mpaka nikawa naimba.

Tuliacha miezi mitano ipite, kisha tukaenda kuonyesha. Tulimkuta mchoraji barabarani, upande wa pili, juu ya ngazi, anaandika ukuta wa duka la dawa. Mume wangu kwa mzaha wake hakuvuka. Akakunja shati akauinua mkono juu, kimya, akangoja.

Yule bwana aligeuka na brashi yake mkononi. Hata salamu hakutoa. Akasoma kwa sauti kubwa: jina la mume wangu, jina la baba mkwe wangu, mtaa wetu. Hakukwama. Muuza dawa akatoka mlangoni kuangalia nani anaitwa.

"Yaya, hakuna kosa!" alinipigia kelele. "Hata muntu mwenye hamujue, atasoma!"

Zaidi ya mwaka nilikuwa nangoja mtu anayeijua kazi aniambie hivyo. Lakini nilikuwa nimesikia jina la mume wangu likitajwa kutoka juu, na yeye akiwa ameinua mkono tu, haitiki, kama aliyefukuliwa. Nilitamani yule bwana apate herufi moja mbovu, moja tu, niseme bado, turudi nyumbani tungoje tena. Nikauteremsha mkono wa mume wangu, nikashusha mkono wa shati mpaka kwenye kiganja na kukifunga kifungo.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Akaenda kazini.