Mafuta ya Zeituni Yaliyopanda Uchagani

Wiki iliyopita mwanangu aliniletea kichupa cha mafuta ya zeituni kutoka Dar es Salaam. "Mama, haya yamefukizwa moshi. Ndiyo mtindo siku hizi," akasema, kwa fahari kana kwamba ameyavumbua yeye. Nikafungua, nikanusa, na papo hapo nikawa Kimamba, jikoni kwa bibi yangu, nina miaka minane.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Kutoka mlangoni kwetu hadi milimani ulikuwa mkonge mtupu, umenyooka kama mistari ya daftari. Bibi alikuwa mpishi wa mwenye shamba, Mgiriki, na kwa kazi hiyo tulipewa chumba kambini. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Hata mimi mtoto nilijua hilo.

Siku moja treni ilimletea mke wa Mgiriki debe la mafuta ya zeituni kutoka kijijini kwao Ugiriki. Debe lilikuwa limebonyea, linavuja. Mama yule alikuwa anakwenda Morogoro kwa juma zima, akamkabidhi Bibi. "Mpishi, weka vizuri. Ni mafuta ya baba yangu."

Sasa, kwetu kuweka vizuri kulikuwa na maana moja. Mbegu ya mahindi, mtama, kitu chochote usichotaka kiharibike, kilikaa uchagani, ile dari ya fito juu ya mafiga, moshi ukikipita mchana kutwa. Bibi akayamimina mafuta chunguni, akafunika kwa kitambaa, akayapandisha uchagani. Kila alipokoka moto aliinua macho.

"Mzeituni Mungu ameuapia katika Kurani," aliniambia. "Na leo mafuta yake yako jikoni kwangu."

Jirani yetu, mkata mkonge asiyeweza kufunga mdomo, alichungulia akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi we! Umeyakausha mafuta ya watu kama kambare? Jiandae kufungasha!"

Mama yule aliporudi kutoka Morogoro, alifunua chungu akarudi nyuma. "Mpishi! Moshi! Umefanya nini?"

"Niliyaweka vizuri, Mama," Bibi akajibu. Nilishika upindo wa kanga yake.

Mama akachovya kipande cha mkate, akatafuna, akaacha kutafuna. Kisha akaketi kizingitini, mahali ambapo sikuwahi kuona Mzungu akiketi, macho yakamjaa machozi.

"Mama," akamwambia Bibi, naye siku zote alimwita Mpishi. "Haya yananukia nyumbani kwa babu."

Akatueleza kwamba kwao, wakati wa baridi, mafuta huganda kama samli, na babu yake alikuwa akiwasha moto katika chumba cha mitungi ili yasigande. Mizeituni yenyewe ilipandwa na watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Watawala walikuja wakaondoka, punda wakazeeka wakizungusha jiwe la kusagia, miti ikabaki. Vita vikiunguza shina, chipukizi hutoka kwenye mzizi.

Bibi alisikiliza kinywa wazi. "Na aliyeupanda mti, alikula?"

"Kidogo. Waliokula ni wajukuu."

Bibi akanitazama mimi.

Hatukuhama. Mwaka uliofuata Mama alileta mche, wakaupanda pamoja nyuma ya jiko, na Bibi akawa anaumwagilia kila baada ya kutawadha. Ulitoa majani yenye rangi ya fedha kwa chini. Tunda halikuonekana hata moja. Kimamba haina baridi ya kuuamsha utoe maua.

Kichupa kile kilinirudisha Kimamba juzi. Mkonge umekuwa vichaka, nyumba ya Mgiriki haina paa, na kambi yetu ni shamba la mahindi. Mahali pa mzeituni nilimkuta mama kijana akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Ule mti tuliukata, haukuwa unazaa," akasema. "Ila kuni zake! Mpaka nguo zilinukia."

Nikamwomba anionyeshe kisiki. Akasogeza ungo wake. Kwenye mzizi wa kisiki, katikati ya majivu ya jikoni, palikuwa na chipukizi la urefu wa kidole, lenye majani mawili. Nikayageuza. Kwa chini yalikuwa ya fedha.